Barua kwa binti yangu anayetazama majumba

Kamwene, mwanangu.

Umeniuliza jambo ambalo mama yako amenikataza kulijibu kwa simu, maana anajua nitamaliza salio lote. Unataka kujua kwa nini huko Glasgow, Machi hii ya anga la kijivu, miti mitupu na manyunyu yasiyokatika, raha yako imebaki moja tu: kutembea jioni ukiyatazama majumba ya kale. Unashangaa pia kwamba ulikulia Iringa na hukuwahi kusimama mbele ya jumba lolote. Kisha mwishoni, kama mtu anayeogopa jibu, ukaongeza kwamba umesoma jinsi baadhi ya walioyajenga walivyotajirika kwa tumbaku iliyolimwa na watumwa, na sasa hujui kama ni halali kuyafurahia.

La kwanza ni jepesi. Unayaona kwa sababu miti haina majani. Subiri Juni uone kama utaziona zile nakshi za juu ya madirisha. Tena yamelowa, na sisi waashi tunapenda kuiona nyumba ikiwa imelowa. Mtu akiniomba nikamkagulie nyumba anayotaka kuinunua, simfuati Septemba. Namwambia tungoje Februari au Machi, ukuta ukiwa umekwisha kunywa mvua ya kutosha, ndipo utajua gata linavuja wapi, msingi unapanda unyevu kiasi gani, na rangi mpya ilipakwa kuficha nini. Wauzaji hawanipendi kwa hilo.

Katika picha ulizotuma nimeona mawe ya namna mbili, ya manjano yaliyopauka na mekundu. Ya manjano yalichimbwa karibu na mji wenyewe. Mekundu mengi yalikuja kwa treni kutoka kusini mwa Uskoti mwishoni mwa karne ya 19, machimbo ya jirani yalipoanza kuishiwa. Yote ni jiwe la mchanga, jiwe laini linalokunywa maji na kuyatoa. Waashi wa zamani waliliunganisha kwa chokaa, kwa sababu chokaa nayo inapitisha unyevu. Baadaye wakaja wenye haraka na saruji, wakaziba viungo ili ukuta upendeze. Saruji haipitishi maji vizuri, hivyo maji yakatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe lenyewe. Ndiyo maana kwenye ile picha ya mlango wa kijani, jiwe limebanduka magamba na kuingia ndani, huku mstari wa saruji umebaki umetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Hukuiona hiyo, wewe uliona mlango.

Sasa nenda kwa macho ya moyo hadi mitaa ya karibu na soko letu. Zile nyumba za maduka za Wahindi, zenye baraza mbele na ua nyuma, ukuta wake ni tofali la kuchoma lililojengwa kwa udongo na kupigwa lipu ya chokaa. Mwenye nyumba wa leo akiona lipu inadondoka anaita kijana, anapiga saruji. Masika mbili tu, chini kabisa lipu inavimba, inatoa chumvi nyeupe, inaanguka na nusu ya tofali. Watu wanasema nyumba imezeeka. Mimi nimezikwangua kuta hizo na kuzirudishia chokaa, na zimetulia. Chokaa inataka subira, ndiyo kasoro yake pekee ninayoijua.

Juu ya baadhi ya maduka hayo, ukiinua uso, utaona mwaka na jina la ukoo vimefinyangwa kwa lipu. Hukuinua uso kwa sababu ulikuwa umetumwa unga. Lakini kuna sababu nyingine, na hiyo si kosa la mtoto. Mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nakumbuka wazee walivyoshangilia, na walikuwa na sababu, kodi za pango ziliwaumiza. Wengi wa waliozijenga wakaondoka, wakaenda Canada na Uingereza. Nyumba ikabaki na mpangaji asiye na deni nayo, na mwenye nyumba aliye mbali ofisini. Nyumba ya namna hiyo haibomoki, inachakaa polepole mpaka macho yanaizoea. Wewe ulizaliwa macho yakiwa yameshazoea.

Boma je? Lile Wajerumani walilolijenga mwaka 1900 liwe hospitali, likatumika kama ofisi za serikali, na sasa ni makumbusho. Ulipita hapo mara ngapi ukienda kituo cha mabasi! Ukirudi, simama ndani ya fremu ya dirisha uone unene wa ukuta. Mchana wa Oktoba mji unaungua, ndani kuna ubaridi. Leo kijana akijenga anaweka tofali nyembamba la saruji, madirisha ya alumini na gipsamu darini, halafu anauliza kwa nini Julai anatetemeka kitandani. Panda pia Tosamaganga ukutane na kazi ya mapadre wa Konsolata, Waitalia wale, paa zao za vigae na nguzo za matao. Sitaeleza sana, nitakupeleka.

Lakini jumba kubwa kuliko yote ya Uhehe hutalikuta, hata ukiinua uso. Lilikuwa Kalenga. Mkwawa alizungusha ukuta wa mawe na udongo kilomita kadhaa, mrefu kuliko mtu, na ndani yake watu, maghala na mifugo. Walioujenga hawakuwa na saruji wala pima maji ya kununua. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliupiga kwa mizinga, wakaingia na kuubomoa. Miaka miwili baadaye wakaanzisha mji mpya juu ya kilima, huu wetu wa Iringa. Fuvu lake Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na linatunzwa kwenye makumbusho ya Kalenga. Ukuta haukurudishwa na mtu. Kwa hiyo usiposikia kwetu kuna majumba ya kale, kumbuka kwamba mengine yalilengwa na mizinga.

Na tembe nazo. Bibi yako alizaliwa kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, vyumba vimefuatana kuuzunguka ua wa ng'ombe. Anasema usiku wa baridi walilala bila kulia baridi, na mvua ilinyesha bila kelele. Bati likaja, likaonekana maendeleo, na ni kweli halivuji kama paa la udongo lisilotunzwa. Lakini lilipokuja tulitupa na ukuta mnene pamoja na paa. Hilo halikuwa la lazima, na linanikera mpaka leo.

Sasa lile swali uliloliandika kwa woga. Jumba lile lenye nguzo ulilonipigia picha, lile lenye sanamu ya mpanda farasi aliyevalishwa koni ya barabarani kichwani (mama yako amecheka mpaka machozi, anasema huko nako kuna vijana wa vijiweni), lilianza kuwa nyumba ya William Cunninghame, mfanyabiashara wa tumbaku, mwaka 1778. Nguzo ziliongezwa baadaye. Tumbaku ilitoka Virginia. Mwashi wa Glasgow alilipwa ujira, mdogo pengine, lakini alilipwa. Aliyeipanda ile tumbaku hakulipwa chochote, na watoto wake waliuzwa. Sikuambii usahau hilo ukifurahia nguzo. Nakuambia vyote viwili vinaingia jicho lilelile.

Mimi naishi hivyo na Boma. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kodi ya nyumba, na aliyekosa fedha alilipa kwa kufanya kazi. Kila jengo la serikali la miaka ile nikilitazama nawaza ni nani alibeba maji, nani alikanyaga udongo wa matofali kwa miguu, nani alichoma tanuri. Hao ndio ninaowapenda ninapoupenda ukuta. Aliyeuamuru simpendi, wala simhitaji ili ukuta unipendeze. Hata tumbaku huku ipo: Wagiriki waliilima sana Iringa, na babu yako alipasua kuni za mabani yao ya kukaushia. Alikuwa akipita na mimi karibu na nyumba ya bwana wake wa zamani, ananionyesha bomba la moshi lililojengwa vizuri, halafu anatema mate. Sikuwahi kuona kinyume katika hayo mawili.

Uliuliza pia kama sheria haiyalindi ya kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Majengo ya mji wetu yote ni ya baadaye, kwa hiyo hulindwa tu waziri akiyatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Ajabu ni kwamba mlango uliochongwa kabla ya 1940 una nafuu kuliko nyumba iliyoushika. Juzi duka moja la baraza limevunjwa, wanajenga ghorofa la vioo. Niliwaomba tofali, wakanipa kwa bei ya kutupa, nimezipanga nyuma ya choo.

Nina kazi ya kukupa. Ukipita tena kwenye majumba yale, inama chini ya jiwe la kizingiti cha dirisha, upapase upande wake wa chini. Utakuta mfuo mwembamba umechongwa kwa urefu wote, ili maji yadondoke hapo yasirudi ukutani. Nipimie kwa kidole chako ni upana gani, na uko umbali gani kutoka ukingoni. Nina dirisha la kanisa hapa Kihesa ninalolirekebisha, na kamati inataka kujua kwa nini nataka kupoteza siku nzima kuchonga mahali pasipoonekana.

Baba yako