Maswali Yenu: Kwa Nini Filamu Hii Ilipewa Oscar?

SWALI: Ndugu Mhariri, nazitazama kwa mpangilio filamu zilizopata Oscar ya filamu bora. *Wings* niliipenda, lakini *The Broadway Melody* ya 1929 imenivunja moyo. Waimbaji wamesimama kama milingoti, sauti inakwaruza, na hatua za wachezaji hazioani. Ilishindaje? Au ni nakala yangu tu iliyo mbovu?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, macho yako hayakukudanganya. Hata ukiiweka kando ya filamu za mwaka uleule imepitwa. Katika *Applause* ya Rouben Mamoulian, nayo ya 1929, kamera inatembea kwa uhuru wa kushangaza. Hata hivyo, kasoro nyingi ulizozitaja zilisababishwa na mitambo.

Mota za kamera za siku zile zilikuwa na kelele. Enzi ya filamu bubu kelele hiyo haikumdhuru mtu. Sauti ilipoingia, kamera ikafungiwa pamoja na mpigapicha ndani ya kibanda cha kuzuia sauti chenye dirisha la kioo. Kibanda kile kilikuwa kizito kusogezwa, basi kamera ikaganda mahali pamoja. Maikrofoni nazo zilinasa eneo dogo: mwigizaji akigeuza uso au akisogea hatua chache, sauti inafifia. Ndiyo sababu mwigizaji Charles King anaimba akiwa amesimama palepale. Tena, bendi ikipiga papo hapo wakati wa kupiga picha, huwezi kuurudia wimbo vipande vipande kutoka pembe nyingine bila muziki kuruka.

Kilichoanza kulifungua fundo hilo kimo ndani ya filamu hiihii, na kwa maoni yetu ndicho chenye thamani kubwa kuliko tuzo yenyewe. Irving Thalberg, mkuu wa utayarishaji wa MGM, studio iliyoitengeneza filamu hii, hakuridhika na onyesho la "The Wedding of the Painted Doll", akaagiza lipigwe upya. Douglas Shearer wa idara ya sauti akashauri okestra isiitwe tena: muziki uliokwisha kurekodiwa ni mzuri, basi upigwe kwenye spika, wachezaji waufuate, kisha picha mpya iunganishwe na sauti ya zamani. Okestra haikulipwa mara mbili, na kamera ikaacha kuitegemea maikrofoni. Kila video ya Bongo Fleva ambamo msanii anafuatisha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa studio inatumia njia hiyo. Filamu za Kihindi zilizopendwa miaka mingi katika majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikwenda mbali zaidi: mwimbaji ni mwingine, mwigizaji anafumbua mdomo tu.

Onyesho hilo la "Painted Doll" lilipigwa kwa Technicolor ya rangi mbili, mfumo wa awali wa filamu za rangi, lakini nakala za rangi zimepotea. Usiilaumu yako kwa kuwa nyeusi na nyeupe.

Kuhusu tuzo, iliyotolewa Aprili 1930: washindi waliamuliwa na jopo dogo la waamuzi. Tuzo zilikuwa saba tu, na kila moja ilikwenda kwa filamu tofauti. Hii ilipata moja, ikawa filamu ya kwanza yenye sauti kushinda kama filamu bora. Watu walijaa kumbini kuiona na kuisikia. Kwa ubora wa usanii, tunakubaliana nawe: haikustahili.

SWALI: Nikitazama *The Broadway Melody* kwenye runinga yangu, vichwa vya waigizaji vinakatwa juu. Nirekebishe wapi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Chukua remoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, uchague 4:3 au saizi ya asili, usichague kujaza kioo. Mistari myeusi pembeni iache ilivyo. Vichwa vikiendelea kukatwa, kosa liko kwenye nakala. Mwanzoni mwa filamu zenye sauti, njia ya sauti ilikula ukanda wa pembeni wa utepe, picha ikabaki karibu mraba. Mtu akiihamisha kwa kipimo kipana cha baadaye, juu na chini hupotea. Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo na sauti ya kuzunguka chumba. Mkwaruzo upunguze kidogo tu kwa kushusha sauti nyembamba (treble). Ukishusha sana, herufi kama s na t zinamezwa na mazungumzo hayaeleweki.

SWALI: Je, katika *The Broadway Melody* kuna sehemu hata moja ya kumfanya mtu avumilie hadi mwisho?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Ipo: Bessie Love. Anaigiza Hank, dada anayegundua kuwa mchumba wake Eddie anampenda mdogo wake Queenie. Anamsukuma Eddie amfuate Queenie, kisha anabaki peke yake katika chumba cha kuvalia, akijifuta vipodozi huku kilio kikimshinda. Hapo kamera iliyoganda inamsaidia, maana huna pa kukwepesha macho. Nyimbo za Arthur Freed na Nacio Herb Brown nazo ni nzuri; utazisikia zikitendewa haki katika *Singin' in the Rain* ya 1952, ambayo Freed mwenyewe ndiye aliyeitayarisha. Kama unataka kuona kamera ikicheza pamoja na wachezaji, tafuta *42nd Street* ya 1933, ngoma zikiwa zimepangwa na Busby Berkeley.