Uliza Anti Misosi: Leo Kumepikwa Nini?

Anti sasa? Nimehamia Nairobi kutoka Voi, sasa nimemaliza miezi mitatu, nafanya kazi Industrial Area. Shida yangu ni lunchi. Kila siku ni chipo kuku, nikisota ni chipo soseji, mpaka tumbo limeanza kugoma. Nikiuliza wenzangu wa ofisi wananitajia mahali sahani ni elfu mbili. Watu wa hapa hula wapi kwani? — Mchovu wa Chipo, South B

Mchovu, pole, lakini umenichekesha. Uko Industrial Area na unalia njaa? Toka geti saa sita na nusu, usiangalie mabango, angalia watu wa ovaroli wanaelekea wapi na uwafuate, wale hawana muda wa kupotezea chakula kibaya na hawana pesa ya kujaribu jaribu. Watakupeleka kwa kibanda.

Kuna moja naendanga mimi, mabati matatu na benchi mbili, mama anapindua chapo kwa vidole vitupu na simu ameibana kwa bega, anabishana na mtu wa makaa. Sufuria ziko saba, zote zimefunikwa. Hakuna menyu. Unauliza tu, "Mathe, leo kuna nini?" anakufunulia moja moja, mvuke unakupiga uso: madondo, ndengu, kamande, matumbo, managu, halafu anaruka moja kwa sababu hio imeisha na ni ya kastoma anayekuja. Hapo ndio utajua umefika. Kibanda kizuri hupika kile kimepatikana Marikiti asubuhi, sasa mahali menyu ni ile ile Januari mpaka Disemba mimi huingia na wasiwasi.

Mambo mawili tu. Enda mapema, kufika saa nane madondo yashaongezwa maji mara mbili. Na angalia maji ya kunawa, kama jagi ni chafu huko nyuma ni kuchafu zaidi, geuka urudi.

Wikendi sasa ndio utembee. Eastleigh ukaagize wali wa Kisomali na nyama ya ngamia, utaletewa na ndizi mbivu juu, usiiweke kando ati ni ya kumalizia, imenye uikule pamoja na huo wali, kipande hapa kipande pale, uniambie. Diamond Plaza kule Parklands jioni kwa vitu vya Kihindi, na uwe mkali kidogo kwa sababu vijana wa menyu watakurukia watano kabla hujafika kwa kiti. Samaki ya Kijaluo iko katikati ya jiji, agiza wet fry, ile ya kukaangwa halafu ikatiwa mchuzi, na ugali, na ukiitisha uma watakupa lakini watakuangalia vibaya.

---

Anti, mama wa kibanda chetu anatucheza. Mwezi wa tano managu ilikuwa inajaa sahani mpaka inamwagika, sahii Februari ananiwekea kijiko mbili na bei imepanda. Na mwaka jana omena nayo ilipotea hivyo hivyo, iliporudi kwa sahani ikawa ghali. Nimhame? — Mwenye Hasira, Umoja

Usimhame bana. Mama hakuchezi, ni mvua inakucheza. Managu, terere, saga, kunde, hizo mboga zote hufurika wakati wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, na tena ile fupi ya Oktoba mpaka Disemba. Januari na Februari kumekauka, zenye unaona sokoni nyingi ni za kunyunyiziwa maji, sasa yule mama ananunua bei juu na bado anaogopa kukupandishia sana usije ukamhama, kumbe ndio huyo unataka kumhama! Mwezi kama huu kula ndengu na madondo, hayo ni makavu hayajui kiangazi.

Omena ni stori ingine. Kila mwaka kuanzia Aprili 1 mpaka Julai 31 uvuvi wa omena Ziwa Victoria upande wa Kenya hufungwa ndio zizaane. Kwa hivyo omena unayokula Juni ama ni ya stoo ama imetoka nchi jirani, na hio bei lazima uisikie. Ngoja Agosti.

Na kwa kuwa umenigusa hapo wacha niseme yote. Ovakado usinunue Januari ati kwa sababu ni kubwa, nyingi huwa zimetolewa mtini kabla zikomae, utaiweka kwa unga wiki nzima na itanywea tu iwe kama raba, tamu ni za kuanzia Machi hivi. Embe ni Novemba mpaka Machi, zile za Makueni zikifika hadi matatu zinanukia embe. Mahindi ya kuchoma hunoga Julai na Agosti, ule wakati wa baridi, umesimama kando ya barabara unapakwa ndimu na pilipili kwa hindi na mikono inapata joto bure. Na ukiwa na rafiki Mkamba, karibu na hio miezi muulize kuhusu mbaazi mbichi. Githeri ya mbaazi mbichi na mahindi mabichi, weh. Hio huipati kwa hoteli yenye kitambaa mezani.

---

Anti tulienda kula nyama watu watano, tukaagiza kilo moja na nusu ya mbuzi, ikakuja kwa ubao kitu kidogo hivi hata haikufika kilo. Tuliibiwa? — Bado Tuna Njaa, Kasarani

Inawezekana, lakini pengine hapana. Nyama hupimwa mbichi. Kwa jiko inapoteza maji na mafuta, robo hivi inaenda, na ukipenda ile imekauka kabisa inakaribia theluthi, halafu toa mifupa. Kilo moja na nusu kwa watu watano wazima mlikuwa mnaonja jameni. Mimi huhesabu nusu kilo kwa kila kichwa, na mbavu zikiwa nyingi naongeza.

Ukienda soko la nyama kama Kenyatta Market ama Burma usikae mezani ukatuma weita. Simama kwa dirisha la bucha, chagua mguu wewe mwenyewe, uone mizani imeanza kwa sufuri, na ukumbuke sura ya hio nyama yako maana itachomwa na za watu wengine kumi. Itachukua saa nzima au zaidi. Kunywa supu. Kuna mahali ya mwisho nilienda nikaagiza mbavu nikaletewa shingo, nikaambiwa "auntie mbavu hukunjamana na moto." Sijarudi.

---

Anti, kwa ukweli, wewe hula mutura, ile soseji ya utumbo ya kuchomwa kando ya barabara? — Nauliza Tu, Ngara

Nakula. Jioni kwa steji, nikiwa nimesimama, ya mtu ninayemjua na ambaye makaa yake yamewaka vizuri, nakatiwa ya ishirini, naongezewa ya ishirini, nachovya chumvi na kachumbari. Ukinipata hapo usiniite Anti kwa sauti, mzee wangu anajua nimeacha.