Maswali ya Wafugaji: Maji ya Bwawa Langu Yanakwenda Wapi?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, salamu. Miaka mitatu iliyopita nilichimba bwawa la udongo nyuma ya nyumba yangu, lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, nikapandikiza vifaranga 150 wa perege pamoja na kambale wachache. Miaka miwili ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwaka jana nilikata mti mkubwa uliokuwa ukitia kivuli upande mmoja, na miezi michache baadaye maji yakaanza kupungua kila siku, hata sasa kina kimebaki kama cha goti. Maji yenyewe yamekuwa ya kijani kizito. Mwezi uliopita, alfajiri iliyofuata siku mbili za mawingu, niliwakuta samaki wamejaa juu ya maji wakihema kwa midomo, na kufikia saa nne asubuhi perege wakubwa karibu wote walikuwa wamekufa. Waliobaki ni kambale na perege wengi wadogo ambao hawakui. Fundi mmoja amenishauri nipige plasta ya saruji ndani ya bwawa lote, kisha ninunue vifaranga wapya. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, kwa hasara hiyo. Umeeleza mambo kwa uangalifu, na jibu karibu lote limo ndani ya barua yako mwenyewe. Nakuomba usinunue kifaranga hata mmoja na usipige plasta kwanza, kwa sababu samaki wako hawakuuawa na ugonjwa, na plasta juu ya udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka hupasuka mapema, hasa ikipigwa bila wavu wa chuma ndani yake.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Mti ulipokatwa, mizizi yake iliyokuwa imepenya ukingoni ilianza kuoza, na kila mzizi unaooza huacha tundu refu linalopitisha maji kama bomba. Kina kilipopungua, maji yalipata joto upesi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Jua, ambalo sasa halizuiwi na kivuli, liliustawisha mwani, yaani mimea midogo sana ya majini, ndio maana ukaona ule ukijani. Mchana mwani huzalisha oksijeni, lakini usiku nao huivuta kama samaki wanavyoivuta, ndiyo sababu upungufu mkubwa huwa alfajiri, na huzidi baada ya siku za mawingu ambapo mwani haukupata mwanga wa kutosha. Kwamba waliotangulia kufa ni perege wakubwa, na kwamba kambale walinusurika, ni ushahidi unaoniridhisha: samaki wakubwa huzidiwa mapema oksijeni inapokwisha, ilhali kambale ana kiungo kinachomwezesha kupumua hewa ya juu ya maji. Sumu iliyomwagwa bwawani isingechagua hivyo.

Hata hivyo, kabla ya kushika jembe, thibitisha uvujaji. Chukua ndoo, itie maji, uiweke ndani ya bwawa ikiwa imesimama imara, kisha weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine ya usawa wa maji ya bwawa. Usiongeze maji, na baada ya saa 24 linganisha. Maji ya ndoo yamepungua kwa sababu ya jua na upepo peke yake, kwa kawaida milimita chache tu. Kinachozidi hapo upande wa bwawa ndicho kinachovuja. Kisha acha maji yashuke yenyewe kwa siku kadhaa. Yakisimama kwenye usawa fulani, tundu liko karibu na usawa huo. Zunguka pia nje ya kingo, hasa upande wa kile kisiki, utafute udongo wenye unyevu au majani yaliyostawi kuliko ya jirani zake.

Ukishapajua, hamisha kambale na perege waliobaki, toa maji yote, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kisiki na mizizi ving'olewe kabisa, hata ikibidi kuubomoa upande mzima wa ukingo, maana kuziba tundu upande wa ndani tu ni kuyafanya maji yatafute njia nyingine. Chimba mtaro katikati ya ukingo mpaka uufikie udongo mgumu usio na mizizi, kisha ujaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo, tabaka baada ya tabaka, kila moja lisizidi sentimita 20 na lishindiliwe barabara kabla ya linalofuata. Ninasisitiza neno kushindilia kwa sababu mabwawa mengi ya nyumbani huvuja si kwa kukosa mfinyanzi bali kwa kuwa udongo ulimwagwa tu na kuachwa. Kuujua udongo unaofaa si kazi ngumu: lowesha konzi moja, finyanga tonge, lirushe juu kiasi cha nusu mita na ulidake, likisambaratika, lina mchanga mwingi mno. Kama udongo wako wote ni wa namna hiyo, tandika turubai zito la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya mabwawa, juu ya kitako kilichosafishwa mawe na mizizi, na usihangaike na saruji.

Ukingo wa ndani uulaze: kwa kila mita moja ya kimo, uende mita mbili kwa upana, ili usiporomoke. Kina kiwe kati ya sentimita 80 upande wa kuingizia maji na mita 1.2 upande wa kutolea.

Sasa matope. Yale meusi yanayonuka kama yai viza ni mabaki ya chakula na kinyesi yaliyooza bila hewa, nayo hula oksijeni na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Yaondoe, uyapeleke bustanini ambako yana faida. Acha kitako kikauke hadi kipasuke nyufa, jambo linaloweza kuchukua wiki moja au mbili, kisha upime uasidi wa udongo. Ukiwa na asidi, nyunyiza chokaa ya kilimo kiasi cha gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa bwawa lako hizo ni kilo 5 hadi 10. Jaza maji, na usubiri wiki moja au mbili kabla ya kurudisha samaki.

Kuhusu wale perege wadogo wasiokua, nao wana maelezo. Perege huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache tu, na katika bwawa dogo watoto wao hujazana na kugawana chakula kisichotosha. Mara hii chukua vifaranga wa kiume pekee, wawili kwa kila mita ya mraba, yaani wasiozidi 100, kwa kuwa huna mashine ya kutia hewa. Walishe kuanzia katikati ya asubuhi, kiasi wanachokimaliza kwa dakika 10 hadi 15, na siku ya mawingu mazito punguza au usilishe kabisa. Kila wiki zamisha mkono majini kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu: kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, mwani umezidi, basi toa sehemu ya maji uweke mapya na upunguze chakula.

SWALI: Nimejenga bwawa jipya la saruji na kulijaza maji ya bomba. Maji yalikuwa maangavu kabisa, lakini vifaranga walikufa ndani ya siku mbili. Nilikosea wapi?

JIBU: Saruji mpya hutoa chokaa inayoyafanya maji yawe na alkali kali, na uangavu wa maji hauonyeshi hilo. Jaza bwawa, liache wiki moja, limwage, na urudie hivyo mara tatu au zaidi, ukipima pH (kipimo cha asidi na alkali) kila mara mpaka ikae kati ya 6.5 na 9. Maji ya bomba nayo huwa na klorini. Yaache wazi siku mbili au tatu ipungue, na kama msambazaji wako hutumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, tumia dawa ya kuiondoa kwa sababu haitoki upesi kwa kuachwa wazi. Kisha tia vifaranga watano tu, uwaangalie kwa siku tatu kabla ya kuleta wengine.