Uliza Maalim: Dafu, gololi na pondo

SWALI: Maalim, shikamoo. Nasomesha fizikia Kidato cha Pili katika skuli moja ya wilaya ya Micheweni, Pemba. Darasani nina wanafunzi 58. Kanuni tatu za Newton za mwendo wanazighani kama kasida, lakini juzi niliwauliza: dafu na kidaka, yaani kile kinazi kichanga kidogo, vikiachiwa pamoja, kipi kitatangulia kufika chini? Darasa zima likaitikia, "Dafu!" Maabara yetu ni kabati moja, na ufunguo wake haujulikani uliko. Nataka wafanye kwa mikono yao, ila sina saa ya kupimia, sina vigari, na nikitoka nao nje naambiwa nimewapeleka kucheza. Nianzie wapi? Na kitangulie kipi, kanuni au jaribio?

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Hilo la ufunguo limenichekesha. Mie nilikaa miaka mitatu kwenye skuli moja huku Unguja nikiamini kabati limejaa vifaa. Siku lilipovunjwa tukakuta madaftari ya mahudhurio na kombe la mpira. Basi usililie kabati.

Jaribio litangulie. Na kabla ya jaribio, utabiri. Kila mtoto aandike kitakachotokea, tena kwa kalamu ya wino asije akafuta. Waweke dau, si la kamari, la maneno tu. Asiyejifunga na jawabu lake hatazami jaribio, anatazama kunguru dirishani.

Hilo dafu lako nalijua, limeshanitia aibu. Mara ya kwanza nilipanda juu ya meza, dafu nimelishika kikonyo mkono huu, kidaka mkono huu, nikaachia. Nusu ya darasa ikaapa dafu limetangulia, nusu ikaapa vimefika pamoja, tukabishana mpaka kengele. Macho yana upendeleo, mtu huona alichokitabiri. Siku ya pili nikatandika bati kuukuu chini, nikawaambia: fumbeni macho, sikilizeni. Likilia mara mbili, kimoja kimetangulia. Likalia bwa! Mara moja. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Maalim, rudia." Nikarudia mara sita, na mara ya saba akapanda mezani mwenyewe. Hapo ndipo uwape jani kavu la mwembe, wajiulize mbona hili linachelewa, na hewa iingie kwenye mazungumzo kwa mlango wake. Waambie pia kwamba mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya pamoja juu ya mwezi, kusiko na hewa, vikafika pamoja.

Saa ya kupimia huihitaji. Funga kijiwe kwenye uzi, pima sentimita 25 kutoka unapouning'iniza mpaka katikati ya kijiwe, kisha kibembeze kidogo. Kwenda na kurudi ni sekunde moja. Mtoto mmoja kazi yake iwe kugonga meza kila kijiwe kinaporudi. Sasa tafuta bomba la maji la plastiki la mita mbili, lipasue kati liwe mfereji, inua ncha moja kwa madaftari, sentimita 10 zinatosha. Gololi iachiwe pale pale meza inapogongwa, na huko chini weka kipande cha ubao cha kuizuia. Sogeza ubao mbele na nyuma mpaka mlio wa gololi kugonga ubao na mlio wa meza wa sekunde ya kwanza viwe mlio mmoja. Tia alama ya chaki. Halafu sekunde ya pili, halafu ya tatu. Masikio tena, unaona? Darasa langu la mwisho lilipata sentimita 16, 66 na 147. Watoe wenyewe: sekunde ya kwanza gololi imekwenda 16, ya pili 50, ya tatu 81. Gawa kila moja kwa 16, utapata karibu sana na 1, 3, 5. Usiwaambie mapema, maana wataanza kuzipika namba. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliandika jaribio la namna hii katika kitabu chake cha 1638, na yeye hakuwa na saa ya sekunde. Aliacha maji yatiririke kutoka kwenye chombo, kisha akayapima kwa mizani.

Neno lenyewe pia lina kazi yake. Nyumbani "nguvu" hubeba kila kitu: mvuvi ana nguvu, chai ina nguvu, betri imekwisha nguvu. Kwa hiyo mtoto akikwambia gololi inaendelea kwenda kwa sababu ina nguvu ndani yake, hajawa mjinga, ametumia lugha ya mamake. Mpe neno kani, yaani kusukuma au kuvuta, na umwonyeshe kwamba kani haikai ndani ya kitu. Iko baina ya viwili, mkono na gololi, gololi na bomba.

Hapo ndipo ninapoipendea pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo majini. Uliza: ukipiga pondo, nani anakisukuma chombo? Watasema, "Mimi." Basi ukiinua pondo isiguse chini, ukasukuma hewa, utafika? Waache wabishane. Unausukuma mchanga nyuma, mchanga unakusukuma wewe mbele, na nyayo zako zinakisukuma chombo. Au waulize aliyewahi kuruka kutoka kidauni kwenda gatini: yeye mbele, kidau nyuma. Mie nilitumbukia na suruali mpya ya Idi. Darasani weka ubao juu ya vipande vya bomba, mtoto ashuke kwa kuruka, ubao utakimbilia nyuma. Mshike mkono, na pasiwe na mtu nyuma ya ubao.

Msuguano ni rahisi: ukanda wa mpira wa ndani wa baskeli, uufunge kwenye kigogo, ukivute juu ya saruji, jamvi na mchanga, upime ukanda umevutika kiasi gani. Ukitaka kuugeuza ukanda kuwa mizani, uning'inizie chupa ya lita moja ya maji. Maji hayo ni kilo moja, uzito wake karibu nyutoni 10, na nyutoni ndicho kipimo cha kani.

Na huyo anayesema unawachezesha, mwite naye aje atabiri, aandike kwa wino kama wengine. Wangu alisema dafu, tena kwa sauti.

Wiki ya kwanza fanya bati tu. Gololi nunua ishirini, zitarudi kumi na mbili.