Usifomati kompyuta ya zamani: masafa na logi za skana huenda bado zimo

Ndugu, unasema umenunua kompyuta mpya, ukanakili folda nzima ya programu yako ya skana (ile ya kusikiliza mawasiliano ya redio) kutoka Program Files, na ulipoifungua ukakuta masafa yote uliyoingiza hayapo wala logi, yaani kumbukumbu za mawasiliano, za miezi iliyopita. Kabla ya lolote, usiifomati ile ya zamani. Yalinikuta hayohayo, nami niliifomati siku hiyohiyo. Logi za karibu mwaka mzima zikaenda, na mpaka leo zinaniuma.

Kilichotokea nilikielewa nikiwa nimechelewa. Tangu Windows Vista, programu iliyofunguliwa kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Programu ya zamani ya biti 32 ikijaribu, Windows haiikatalii. Huichukua faili ile kimyakimya na kuiweka kwenye %LOCALAPPDATA%\VirtualStore. Programu inaamini imeandika kwake, na wewe ukichungulia folda yake unaona faili tupu ya siku uliyoisakinisha. Ukiifungua kama msimamizi, inasoma hiyo ya Program Files na masafa yanatoweka. Kesho ukiifungua kawaida, yamerudi. Watu wengi hudhani programu imeharibika, kumbe faili ziko mbili. Kwenye mashine ya zamani bonyeza Windows+R, bandika njia hiyo, kisha ingia Program Files iliyomo humo, au Program Files (x86).

Kama hakuna kitu, andika %APPDATA%. Folda hiyo imefichwa, ndiyo maana huioni ukipekua kwa kipanya.

Programu nyingine zina desturi zake. SDRTrunk huunda folda yenye jina lake kwenye folda yako ya nyumbani: masafa na mifumo iko ndani ya playlist, sauti ndani ya recordings, na matukio ya mawasiliano ndani ya event_logs. Ile inayoitwa logs ni kumbukumbu za programu yenyewe na hitilafu zake, usiichanganye na matukio. Tena event_logs ikiwa tupu, huenda hakuna kilichopotea: kurekodi matukio huwashwa kwa kila chaneli, na usipowasha haiandiki. DSD+ huweka faili zake palepale ilipo, kwa hiyo iweke nje ya Program Files. Gqrx kwenye Linux iko ~/.config/gqrx, na masafa uliyohifadhi yamo kwenye bookmarks.csv.

Programu isiyojulikana naitafuta hivi, na njia hii haijawahi kuniangusha. Naongeza masafa ya uongo yenye jina kama JARIBIO77, nahifadhi, kisha naifunga programu kabisa, maana nyingi huandika zinapofungwa tu. Halafu natafuta faili zilizobadilika dakika hizo. Kwenye Linux ni find ~ -type f -mmin -5. Kwenye Windows naingia folda ya mtumiaji, nawasha kuonyesha vilivyofichwa, naandika * kwenye kisanduku cha kutafuta ili faili za folda za ndani nazo zitokee, kisha napanga kwa tarehe ya kubadilishwa. Faili ikipatikana naifungua kwa kihariri cha maandishi na kutafuta jina lile.

Rekodi za sauti zitafute kwa ukubwa. Sauti ya WAV ya 8 kHz, biti 16, chaneli moja, ni kama MB 58 kwa saa. Ukiwa umerekodi mawimbi ghafi ya IQ (ishara ya redio kabla haijageuzwa sauti) kwa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, biti 16, ni zaidi ya GB 34 kwa saa, kwa hiyo anza na diski iliyojaa.

Ukizipata, kwenye kompyuta mpya fungua programu mara moja ili iunde folda zake, ifunge, ndipo uweke faili zako juu ya zile tupu. Ukiziweka programu ikiwa wazi, itaziandika upya inapofungwa. Na ukikuta nakala mbili, moja VirtualStore na nyingine Program Files, usifute yoyote; niandikie hapa tarehe na ukubwa wa kila moja tuone ipi ndiyo ya karibuni.