Maswali na Majibu: Ni Lazima Kanisani Kila Jumapili?

Maswali mengi yaliyoletwa safari hii yanahusu jambo moja, kwenda au kutokwenda kanisani. Yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Je, ni lazima niende kanisani kila Jumapili ndipo niokoke? Yule mwizi msalabani hakuhudhuria ibada hata moja, na Yesu alimwahidi peponi.

JIBU: Swali hili halikosekani, na kila mara linakuja na mwizi yule yule. Mwizi alikuwa ametundikwa na alikufa siku ile ile. Wewe una miguu, una Jumapili nyingine mbele yako, na pengine kengele unaisikia ukiwa kitandani. Usijifananishe naye.

Wokovu ni neema. Mchungaji anayehubiri kwamba mbinguni wanaangalia daftari la mahudhurio anapotosha watu. Lakini Mungu akimwokoa mtu humweka kati ya watu. Matendo 2:42 inataja mambo manne waliyodumu nayo waumini wa kwanza: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Peke yako chumbani unaweza kusali. Hayo matatu mengine yanahitaji wenzako. Na wanaopenda kunukuu Waebrania 10:25, kwamba tusiache kukusanyika, waanzie mstari wa 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Tunakusanyika ili tuangaliane. Usipokuja, wewe huna wa kukuangalia, na kuna mwenzako aliyekuja wiki hiyo akiwa na shida, akitegemea kukukuta, akakukosa. Hilo la pili watu hawalifikirii kabisa.

Kwa Mkatoliki jambo hili liko wazi kisheria. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamwajibisha kushiriki Misa Jumapili na sikukuu za amri, na Katekisimu, namba 2181, inasema anayeacha kwa makusudi anatenda dhambi nzito. Namba hiyo hiyo inataja udhuru: ugonjwa, kutunza mtoto mchanga, au ruhusa ya paroko. Mlutheri hana kanuni ya namna hiyo, ila Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la 1530, kifungu cha 7, linasema Kanisa ni kusanyiko la watakatifu, Injili ikifundishwa kwa usafi na sakramenti zikitolewa ipasavyo. Kusanyiko la mtu mmoja halipo.

SWALI: Yesu alisema walipo wawili watatu yupo katikati yao. Mimi na mume wangu tunasali sebuleni. Haitoshi?

JIBU: Salini, dada, na msiache. Lakini Mathayo 18:20 iko mwishoni mwa maelekezo ya kumwonya ndugu aliyekukosea: kwanza mkiwa wawili, kisha na mashahidi, kisha "liambie kanisa." Sasa mume wako akikukosea na asikusikilize, utaliambia kanisa gani?

SWALI: Jumamosi au Jumapili?

JIBU: Someni Warumi 14:5, kisha nendeni mnakosali. Ubishi huu umevunja ndoa na undugu, sitauongezea kuni.

SWALI: Mimi ni muuguzi, zamu zinaniangukia Jumapili tatu kati ya nne. Wenzangu wa jumuiya, kikundi cha waumini wa mtaani, wananiita mpagani.

JIBU: Wanakosea. Anayemgeuza mgonjwa kitandani Jumapili asubuhi hajaiasi amri. Ila udhuru wa kazi unahitaji mpango, maana usipoupangia, baada ya mwaka mmoja Jumapili yako ya nafasi nayo itakuwa ya kufua na kulala.

Kama ni Mkatoliki, kanuni ya 1248 inaihesabu Misa ya jioni ya siku iliyotangulia, kwa hiyo Jumamosi jioni inatosha. Zamu ikianza saa mbili asubuhi, ulizia Misa au ibada ya kwanza, parokia na sharika nyingi za mjini zina ya saa kumi na mbili au saa kumi na mbili na nusu. Ratiba ya zamu ikitoka tu, mpelekee mwenyekiti wa jumuiya au mzee wako wa kanisa, ajue Jumapili ipi upo. Na jumuiya ya katikati ya wiki usiikose, hiyo ndiyo nanga yako. Ukikaa mwezi mzima bila Meza ya Bwana, mwombe padri au mchungaji, nawe uwe wazi kuhusu saa unazopatikana.

Jambo hili ni la kale. Mtakatifu Yustino, akiandika Roma yapata mwaka 155, anaeleza ibada ya Jumapili: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, kisha mashemasi wanawapelekea wasiokuwapo. Angalieni hapo. Ili upelekewe, lazima kwanza mtu awe amegundua kwamba hupo.

SWALI: Natazama ibada kwenye simu. Kuna ubaya?

JIBU: Kwa mgonjwa na mzee asiyeweza kutembea, hakuna. Kwa mzima ni mahubiri bila kanisa. Julai 2020 Kenya ilipofungua nyumba za ibada kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja, wenye umri wa zaidi ya miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani, na simu iliwafaa. Wale waliokuwa na umri wa miaka 30 wakati huo na bado wako kwenye simu, wana sababu gani?

SWALI: Baba yetu alibatizwa Mkatoliki. Alipofariki, jumuiya walisema hakuwa muumini hai na ana deni la michango, hazikwi mpaka tulipe. Ni halali?

JIBU: Kudai deni mbele ya jeneza si halali, na ni aibu. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na wafarakano; waliochagua miili yao ichomwe moto kwa sababu zinazopinga imani; na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Mchango wa ujenzi haumo. Ahadi ya mavuno haimo. Kanuni ya 1181 inaagiza hata kuhusu sadaka za maziko, kwamba maskini wasinyimwe maziko yanayostahili.

Likiwatokea tena, msibishane na mwenyekiti mkiwa mmesimama uani kwa marehemu. Watu wawili watulivu waende kwa paroko siku hiyo hiyo. Wachukue cheti cha ubatizo. Kama kimepotea, wataje parokia na mwaka, kitabu cha ubatizo kipo. Waeleze dalili za toba: aliomba padri? Alisali rozari? Aliagiza nini? Paroko akiwa na shaka, kanuni ya 1184 inamtaka amuulize askofu na kufuata uamuzi wake.

Kwa viongozi wa jumuiya nasema hivi: mnayejua deni lake hadi shilingi ya mwisho, iweje hamkujua kwamba amelala kitandani miezi mitano? Kazi yenu ya kwanza ilikuwa pale.

Na kwenu wanafamilia, padri anaitwa mgonjwa akiwa bado anaongea, aweze kuungama, kupakwa mafuta na kupokea. Yakobo 5:14 inasema "awaite wazee wa kanisa," maana yake bado ana nguvu za kuita. Mnangoja mpaka yuko kwenye mashine, kisha mnashangaa hakuna anayemjua. Tena msifanye kanisa kuwa bima ya mazishi. Wapo wanaolipia bahasha mwaka mzima na hawaonekani, wakidhani wamenunua kiwanja.

SWALI: Nimehamia Dar es Salaam, kila wiki nasali kanisa tofauti, napata upako mbalimbali. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Ukiumwa, nani atajua?

Chagua moja ndani ya miezi miwili. Kama umetoka usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), rudi au piga simu upate barua ya utambulisho, uipeleke ofisini kwenye usharika mpya, uulize jumuiya ya mtaa unaoishi inasali nyumba gani wiki hii. Wageni wakiambiwa wasimame, simama. Kisha chunguza mambo ya kawaida: sadaka inahesabiwa na watu wangapi, na Jumapili inayofuata inasomwa kwenye matangazo? Mchungaji anawajibika kwa nani? Akikosea, nani anaweza kumwita?

Kanisa lisilo na majibu hayo, ondoka. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokwenda kuishi msituni na mhubiri wao. Ukiambiwa uache shule, uache hospitali, ukate mawasiliano na ndugu zako, usingoje ibada iishe.

SWALI: Nilikosana na mwalimu wa kwaya, siwezi kumwona.

JIBU: Mathayo 5:23-24: patana kwanza na ndugu yako, ndipo utoe sadaka. Nenda kwake leo.

SWALI: Nina miaka 12 sijaingia kanisani. Naanzia wapi?

JIBU: Usianzie Jumapili, mchungaji hana nafasi ya kukusikiliza akiwa mlangoni anashika mikono ya watu. Nenda ofisini siku ya kazi. KKKT utaongozwa utaratibu wa kurudi kundini. Mkatoliki ataonana na padri kwa kitubio. Kama unaishi kwenye ndoa isiyofungwa kanisani, sema mapema, na ujue kwamba hujazuiwa kuja Misa hata kama hupokei Komunyo bado. Jumuiya ianze wiki hiyo hiyo. Wapo watakaokuuliza ulikuwa wapi. Waambie umerudi, na uulize zamu yako ya kuwapokea nyumbani kwako ni lini.