MUULIZE MWALIMU: Bushiri alikuwa na watumwa. Bado ni shujaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wangu wa kwanza anaitwa Bushiri. Jina alipewa na marehemu babu yake, aliyempenda sana yule mpiganaji wa Pangani aliyewapinga Wajerumani. Idi iliyopita mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo, alitutangazia mbele ya wageni kwamba Abushiri bin Salim alimiliki watumwa, na kwamba Wajerumani walikuja kuukomesha utumwa, kwa hiyo tunamtukuza mtu mbaya. Mjomba wake akafoka: mambo ya kale yatazamwe kwa macho ya kale! Wali ukapoa. Nani mkweli kati yao? Na mtoto tumbadilishe jina?
Bibi wa Bushiri, Muheza

JIBU: Marahaba, bibi. Jina msilibadilishe. Hilo tulimalize mapema, maana mtoto hana kesi. Wenye kesi ni hao wawili.

Kijana hakuzua. Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa na mashamba ya miwa Pangani, na miwa ya Pangani miaka ile ilikatwa na watumwa. Nilipokuwa nafundisha, binti mmoja wa Kidato cha Pili, mzaliwa wa Mwera, aliniuliza: "Mwalimu, Bushiri alikuwa anakata miwa mwenyewe?" Darasa zima likaangua kicheko. Lakini lile lilikuwa swali zito kuliko mengi niliyoyaona kwenye karatasi za mitihani, ambazo hutaka sababu tano za vita na sababu tano za kushindwa, basi, mtumwa hatajwi.

Mjomba wake naye asipuuzwe. Mkataba wa mwaka 1873 ulimlazimisha Sultani Barghash wa Zanzibar kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, na kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, lakini kuwamiliki kulibaki halali. Muungwana wa Mrima, yaani pwani yetu ya bara, mwaka 1888 hakuona haya kuwa na watumwa. Haya ilikuwa kukosa. Ukimtaka Bushiri awaze kama mwanachuo wa leo, unamtaka awe mtu mwingine kabisa.

Ila hayo "macho ya kale" ni macho ya nani? Hapo ndipo naachana na ndugu yako. Tukisema zamani watu wote waliona utumwa ni sawa, hao "wote" wetu ni mabwana tu. Mkata miwa naye alikuwa mtu wa zamani, na rai yake tunaijua, kwa sababu aliitoa kwa miguu. Mwaka huohuo wa 1873, watumwa wa mashamba ya miwa ya huko Pangani, upande wa Kikogwe, waliasi wakaenda kujenga makazi yao wenyewe ya watoro. Kazi ya miwa ilikuwa na ukali wake. Kwa desturi ya pwani, mtumwa wa shamba alipewa kipande cha ardhi na siku zake katika juma za kulima chakula chake. Muwa ukishakatwa haungoji: usiposhindikwa na maji yake kuchemshwa upesi, unaharibika. Mwenye shamba la miwa alitaka mikono yote, siku zote.

Wala si Pangani peke yake. Januari 1889, Bushiri akiwa vitani, kule kwenye misheni ya Rabai nyuma ya Mombasa watumwa watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana zao. Watu 1,400 waliojificha misheni hawakuwa wakisubiri karne ya 21 iwafundishe kwamba utumwa ni dhuluma.

Na tusiende mbali hivyo. Bushiri alikuwa Mwislamu. Sura ya Al-Balad inaitaja njia ngumu ya mlimani, kisha inaifafanua, na jambo la kwanza inalolitaja ni kumwacha huru mtumwa. Utumwa ulikuwa halali kwake, sawa, lakini kipi ni bora zaidi hakikuwa siri. Kwa hiyo naweza kumlaumu bila kuazima kipimo chochote cha leo.

Sasa ushujaa wake. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilichukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa. Mtu wao wa Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Sultani iteremshwe, na siku zilezile za Idi Kubwa askari wa Kijerumani waliingia msikitini na viatu, tena na mbwa. Mji ukachemka. Walioanza kuchemka hawakuwa Bushiri: walikuwa watu wa mjini, wapagazi, na watumwa pia, kila mmoja na kinyongo chake. Sultani alimtuma jenerali wake Mwingereza, Mathews, akatulize, akafukuzwa. Bushiri ndiye aliyeshika uongozi, akapigana na jeshi la Mjerumani Wissmann mpaka ngome yake karibu na Bagamoyo ilipoanguka Mei 1889, na hata baada ya hapo hakujisalimisha. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nani atamnyima mtu huyo jina la shujaa? Mimi simnyimi. Namnyima jina la mpigania uhuru wa wote, ambalo vitabu vingine humvika, kwa kuwa nchi aliyoipigania ilikuwa nchi ya wenye mashamba. Mtumwa aliyebeba gobori katika vita ile alikuwa na vita yake nyingine, na habari zake ndizo ningependa mjukuu wako asimuliwe pamoja na za mwenye jina.

Kuhusu Wajerumani, kijana wako amelishwa propaganda ya mwaka 1889 bila kujua. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alipotaka fedha za kumzima Bushiri, Bunge la Berlin lilimpa marki milioni 2, na sababu iliyoandikwa mbele ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Waliposhinda, je, waliwaacha watumwa huru? Thubutu! Serikali ya Kijerumani iliacha utumwa uendelee kisheria. Amri yao ya mwaka 1904 ilisema watakaokuwa huru ni watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905. Mama zao wakabaki na mabwana. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilitoka mwaka 1922, Mjerumani akiwa ameshaondoka. Mwambie aisome amri hiyo ya 1904 kabla ya Idi ijayo, na safari hii asubiri wageni wamalize kula.